Tabiri kwanza, chimba baadaye: matundu ya uchorongaji ya Äspö na maji ya ndani ya mwamba

JiweLaMsingi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mada ya taka za nyuklia inapofunguliwa, haupiti muda mtu anauliza: hawa watu wanajuaje kilichomo mita 500 chini ya ardhi? Wanatoboa vitundu viwili vitatu, halafu wanatutangazia kwamba mwamba ni salama. Swali hili ni la haki kabisa. Tundu la milimita 76 ndani ya kisiwa kizima ni kitu kidogo mno, na mtu anayedai kwamba tundu moja limemweleza kila kitu haaminiki.

Nataka tujadili mahali ambapo wataalamu wenyewe walijiuliza swali hilo, wakajiwekea mtihani ambao wangeweza kuufeli mbele ya watu. Mahali penyewe ni Äspö, kisiwa kidogo cha pwani ya kusini-mashariki ya Uswidi, jirani na mitambo ya nyuklia ya Oskarshamn iliyoko kwenye rasi ya Simpevarp. Wenye maabara ni SKB, kampuni ya wazalishaji wa umeme wa nyuklia wa nchi hiyo, ambayo ndiyo iliyobebeshwa jukumu la kuzika fueli iliyokwisha kutumika.

Mpango wao unaitwa KBS-3. Fueli inawekwa ndani ya mtungi wenye kiini cha chuma cha kalibu na gamba la shaba la unene wa sentimita 5. Mtungi unazungushiwa udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa huvimba na kuziba. Vyote hivyo vinakaa ndani ya mwamba mgumu, karibu mita 500 chini. Ukiutazama vizuri utaona adui wao ni maji. Maji ndiyo yanayoweza kuleta kemikali za kula shaba, ndiyo yanayoweza kuumomonyoa udongo, na siku mtungi ukitoboka, ndiyo yatakayobeba chembe za mionzi kuzipandisha juu. Kwa hiyo ukichunguza mwamba wa aina hii unatafuta kujua maji yanapita ufa gani, kwa kasi gani, yametoka wapi na yamebeba nini.

Uchunguzi ulianza 1986, wote ukifanyika kutokea juu: vipimo vya sumaku na mitetemo, ramani za miamba, na matundu marefu ya uchorongaji, mengine yakiwa ya mamia ya mita. Hadi 1990 handaki lilikuwa halijaanza. Na hapa ndipo walipofanya jambo linalonifanya niiheshimu kazi yao: kabla ya kulipua baruti ya kwanza, waliandika utabiri wao na kuuchapisha. Handaki likifika hapa litakuta mwamba wa aina fulani. Ukanda huu wa nyufa utakatwa karibu na pale. Presha ya maji katika matundu haya itashuka kiasi fulani, na maji yatakayoingia yatakuwa na chumvi kiasi fulani.

Kati ya 1990 na 1995 wakachimba. Handaki lina urefu wa mita 3,600. Linaanzia Simpevarp, linapita chini ya bahari, kisha linashuka kwa kuzunguka chini ya kisiwa hadi kina cha mita 460 hivi. Sehemu kubwa ni ya baruti. Mita 400 hivi za mwisho zilikatwa kwa mashine ya kutoboa mahandaki yenye kipenyo cha mita 5. Kila walipofika walilinganisha kilichoandikwa na kilichoonekana ukutani.

Msimamo wangu ni huu: tundu la uchorongaji peke yake halithibitishi kitu. Linakupa dhana. Dhana inakuwa elimu pale unapoiandika mapema kwa namba, ukaingia mwenyewe ndani ya mwamba, na ukakubali kusahihishwa. Karibuni tuchangie.

Keekee_ya_Almasi

Nafuatilia, mkuu. Mimi niko kwenye uchorongaji, ila wetu ni wa madini. Swali langu ni la kazini: sisi tunamwaga maji tundu zima kupoza kichwa cha keekee na kutoa unga wa mwamba. Sasa mtu anayetaka kupima maji asilia ya mita 500 anafanyaje, wakati ameshajaza tundu kwa maji yake?

JiweLaMsingi

Umegusa penyewe, mkuu. Hilo ndilo linalotofautisha tundu la kutafuta dhahabu na tundu la kuchunguza maji.

Kwa mtindo waliouzoea, mita 100 hivi za juu huchorongwa kwa kipenyo kipana ili baadaye pampu na vifaa viingie. Kuanzia hapo ndipo huingia keekee ya almasi ya milimita 76, inayokata duara na kuacha katikati mche wa mwamba wa milimita 50 hivi. Maji ya kupozea lazima yatumike, hakuna namna. Ila kabla hayajateremshwa hutiwa uranini, rangi inayong'aa kijani hata ikiwa kidogo sana, kwa kipimo kinachojulikana. Wakati wa kuchoronga, hewa ya kompresa hutumika kuyanyanyua maji yatoke juu, ili yasijisukume kwenye nyufa. Kisha sampuli ya maji inapochukuliwa, wanapima uranini. Ikiwepo, wanajua ni sehemu gani ya sampuli ni maji yao wenyewe. Wanachotaka ni sampuli ambayo maji ya kuchoronga hayafiki asilimia 1, na wakiona yamezidi wanaendelea kupampu kwanza.

Pia hawapampu tundu zima kwa pamoja. Tundu wazi ni hatari, kwa sababu linaunganisha nyufa ambazo hazikuwahi kukutana. Maji ya ufa wa juu wenye presha kubwa yanashuka ndani ya tundu na kuingia ufa wa chini. Ukija baada ya miezi sita ukachukua sampuli ya ufa wa chini, unapima maji ya juu bila kujua. Ndiyo maana huteremsha vizibo vya mpira vinavyovimbishwa, wakatenga kipande kimoja cha tundu, na kila kipande kikapata mrija wake na kipimo chake cha presha.

BiTabaka

Samahani kaka, kabla hatujafika kwenye maji. Mche wa mwamba ukitoka umevunjikavunjika. Utajuaje ufa upi ulikuwepo tangu zamani na upi umevunjwa na mtambo?

JiweLaMsingi

Dada, hapo mtaalamu anahitaji macho na subira. Ufa wa zamani una utando wa madini kwenye nyuso zake: kloraiti ya kijani iliyokolea, kalsaiti nyeupe, epidoti. Mwamba uliovunjwa juzi na mtambo una uso msafi. Utando huo wenyewe ni kumbukumbu, kwa sababu kalsaiti iliyoganda kwenye ufa inabeba alama za maji yaliyopita enzi hizo.

Tatizo la pili ni mwelekeo. Mche ukishakatika unazunguka ndani ya bomba, kwa hiyo ukiutoa hujui ufa ulikuwa umeelekea kaskazini au mashariki. Ndiyo maana baada ya kuchoronga huteremsha kamera inayopiga picha ukuta wa tundu mzunguko mzima, wakaweka picha kando ya mche na kuzisoma pamoja. Kisha huja rada ya tunduni, inayotuma mawimbi na kuona nyufa kubwa zilizopo makumi ya mita nje ya tundu. Rada hiyo iliendelezwa kwenye mgodi wa chuma wa Stripa, ambao ulifungwa miaka ya 1970 na kugeuzwa kituo cha utafiti. Mradi wa kimataifa wa hapo ulidumu 1980 hadi 1992. Äspö imerithi mengi kutoka Stripa. Tofauti ni kwamba Stripa mwamba ulikuwa umeshachimbwa na kuvurugwa, na Äspö waliukuta haujaguswa.

Mwanamaji

Mimi nachimba visima vya maji, wakuu, na huku kwetu furaha ni ufa kutoa maji. Hawa furaha yao ni ufa kukauka! Wanapimaje ufa unaotoa maji kidogo sana, ambao sisi tungeuita mkavu?

JiweLaMsingi

Mkuu, njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni kutenga kipande kwa vizibo, mita 100, kisha 20, kisha 5, na kusukuma maji kwa presha ya ziada ya kilopaskali 200, huku ukiandika mwamba unakunywa kiasi gani. Ya pili ni kifaa kilichoendelezwa Ufini na Posiva, kampuni ya huko inayoshughulikia kuzika fueli kama SKB, kwenye eneo la Olkiluoto. Pampu inavuta maji juu taratibu, na kifaa kinashuka kikipima mtiririko unaoingia tunduni ufa kwa ufa. Kinaona ufa wenye upitishaji wa karibu 10⁻⁹ mita za mraba kwa sekunde. Kwa mchimba visima hicho si chochote. Kwa mtu anayehesabu miaka 100,000, ni njia.

Na jambo linalowashangaza wengi: nyufa nyingi zinazoonekana kwenye mche hazipitishi maji kabisa. Zimeganda madini, au zimebanwa na uzito wa mwamba. Kwenye chache zinazopitisha, maji hayatiririki ufa mzima, yanachagua mikondo myembamba ndani yake. Tundu likipita pembeni ya mkondo kwa nusu mita, litaripoti ufa mkavu. Kwa hiyo kipimo cha tundu moja kinaweza kukosea bila mtu yeyote kufanya uzembe.

Hoja_Kwanza

Asante, umejibu kwa uaminifu, na hapo ndipo ninapokubana. Kama tundu linaweza kupita pembeni ya maji kwa nusu mita, utabiri wao wa Äspö ulifeli wapi? Usituletee mafanikio tu.

JiweLaMsingi

Sawa kabisa, tuyaangalie.

Kwanza kilichokwenda vizuri. Aina za miamba kwa jumla, kina dayoriti ya Äspö na graniti zake za umri wa takriban miaka bilioni 1.8, zilikaribiana na utabiri. Kanda kubwa za nyufa zilikutwa karibu na zilipotarajiwa, ukiwemo ukanda unaoitwa NE-1. Lakini kuujua ukanda upo si sawa na kuupita. NE-1 ulitoa maji mengi, na ilibidi kupiga grauti, yaani kusukuma saruji laini kwenye nyufa kuziziba, kwa wingi sana ndipo handaki lipite.

Kilichokuwa kigumu ni nyufa zilizosimama wima, hasa zinazoelekea kaskazini-kaskazini-magharibi. Sababu ni ya kijiometri: tundu la wima likishuka sambamba na ufa wa wima, hazikutani. Ruth Terzaghi alilieleza tatizo hili 1965 na kutoa njia ya kulirekebisha kwa hesabu: ufa unaokatwa kwa pembe ndogo uhesabiwe kwa uzito mkubwa zaidi. Ufa unaokatwa kwa nyuzi 10, kwa mfano, huhesabiwa karibu mara 6. Lakini hesabu hairekebishi ufa ambao hukuukuta kabisa. Dawa ni kuchoronga matundu ya kulala upande, ya mielekeo tofauti.

Na hapa maji yalisema kitu ambacho mwamba ulificha. Walipampu tundu moja na kuangalia presha kwenye matundu mengine ya kisiwani. Tundu lililo mbali likashuka presha haraka kuliko lililo karibu, na katika mstari wa mwelekeo mmoja. Maana yake kuna njia ya maji katika mstari huo, hata kama mtaalamu wa miamba hakuona ukanda wowote juu ya ardhi. Njia kadhaa za mwelekeo huo ziliingizwa kwenye ramani yao kwa ushahidi wa presha. Mimi huwaambia vijana wanaosoma jiolojia: mche wa mwamba utakuonyesha ufa, lakini presha ndiyo itakayokuonyesha muunganiko.

Sasa utabiri uliokwenda tofauti kabisa, na ambao naona ni wa thamani kuliko yote. 1991 handaki lilikata ukanda wa nyufa kwenye kina cha mita 70. Ilijulikana kwamba handaki litavuta maji ya juu yashuke, na yalishuka kweli: maji ya mvua yalifika kwenye kina hicho ndani ya wiki tatu hivi. Hofu ilikuwa kwamba yatakuja na oksijeni, na oksijeni huko chini haitakiwi, inaharibu mazingira yanayoilinda shaba. Wakaweka matundu ya uchunguzi pembeni ya handaki, wakapima na kusubiri. Oksijeni haikufika. Maji ya juu yalibeba mabaki ya mimea na udongo yaliyoyeyuka, na bakteria wakayatumia hayo kama chakula huku wakiimaliza oksijeni njiani, wakaendelea hata kutumia madini ya chuma. Hesabu zilizoegemea kemia ya mwamba pekee zilikuwa zimewasahau viumbe hai.

Kama wasingekuwa wameandika wanachotarajia, mtu angesema baadaye, "tulijua hivyo tangu mwanzo." Maandishi yaliwazuia.

Mwanamaji

Hili la bakteria limenigusa. Kuna kitu kingine: umesema chumvi. Mwamba huo uko pwani, ni maji ya bahari yameingia?

JiweLaMsingi

Sehemu tu, mkuu, na huu ndio ukurasa ninaoupenda zaidi katika kazi yao.

Maji ya Äspö ni mchanganyiko wa maji ya nyakati tofauti, na kila moja lina sahihi yake. Kuna maji ya mvua ya sasa. Kuna maji ya Bahari ya Baltiki, na chini yake mabaki ya bahari ya Littorina, iliyofunika maeneo hayo maelfu ya miaka iliyopita na iliyokuwa na chumvi zaidi ya Baltiki ya leo. Kuna maji ya barafu iliyoyeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu. Hayo hutambuliwa kwa oksijeni-18, isotopu (yaani aina) ya oksijeni iliyo nzito kuliko ya kawaida: maji yaliyoganda kwenye baridi kali yana uchache wa isotopu hiyo, na maji ya barafu huwekwa kwenye kiwango cha karibu −21 kwa elfu, wakati mvua ya sasa ya eneo hilo iko karibu −10 au −11. Na chini kabisa kuna maji mazito ya chumvi kali, ya kale sana. Kwenye tundu la Laxemar, bara jirani na kisiwa, lenye kina cha takriban mita 1,700, maji ya chini yana chumvi zaidi ya mara mbili ya bahari kuu.

Uzito huo una maana kubwa. Maji mazito ya chumvi hayapandi kirahisi, yanatulia chini. Ukikuta tabaka lake limetulia, ni dalili kwamba mzunguko wa maji ya juu haufiki huko. Na ukikuta maji ya barafu mamia ya mita chini, umepata habari mbili kwa mpigo: barafu iliyasukuma hadi huko, na tangu hapo hayajasafishwa yote na maji mapya.

Kwa kukagua sampuli kuna pia tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 12.3 na ambayo iliongezeka sana angani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Ukiipata kwenye sampuli ya mita 450, ama maji ya sasa yana njia ya haraka hadi huko, ama sampuli yako imechafuka. Vyote viwili lazima uvijue.

BiTabaka

Basi kwa nini hawakuzika taka hapo hapo, wakati mwamba wameshaujua kuliko mwingine wowote?

JiweLaMsingi

Dada, Äspö ilijengwa kuwa maabara tu. Kwa ajili ya kuzika, SKB walichunguza maeneo mawili kwa matundu marefu kati ya 2002 na 2007: Laxemar, hapo jirani na Äspö, na Forsmark, kaskazini mwa Stockholm. Juni 2009 wakachagua Forsmark. Sababu kubwa ni matokeo ya matundu: kwenye kina cha kuzikia, mwamba wa Forsmark una nyufa chache mno zinazopitisha maji, kwa wastani zaidi ya mita 100 kati ya moja na nyingine. Laxemar ilikuwa na maji zaidi. Serikali iliidhinisha Januari 2022.

Nalisisitiza hili kwa ndugu yetu Hoja_Kwanza: vipimo vilevile vilivyosifia Forsmark ndivyo vilivyoiangusha Laxemar, ambayo ilikuwa mlangoni kwao.

Hoja_Kwanza

Nakubali hilo lina uzito. Ila ulinganishe na Asse ya Ujerumani. Nako waliita utafiti.

JiweLaMsingi

Kweli, na isisahaulike. Asse II ulikuwa mgodi wa zamani wa chumvi. Kati ya 1967 na 1978 yaliingizwa mapipa 126,000 hivi ya taka, na tangu 1988 maji yanaingia, takriban mita za ujazo 12 kwa siku. Pale taka zilitangulia na maswali ya maji yakafuata. Mgodi ulishachimbwa kwa ajili ya chumvi, vyumba vikiwa karibu mno na ukingo wa tabaka, na mwamba wa pembeni haukuwa umechunguzwa kwa makini. Ninachokitetea hapa ni mpangilio ule wa Äspö: matundu, utabiri ulioandikwa, handaki, na taka zisiwepo kabisa wakati mnajifunza.

Keekee_ya_Almasi

Swali la mwisho kutoka kwangu, mkuu. Matundu yenyewe je? Umetoboa mwamba mzuri mara kadhaa ili ujue ni mzuri. Si umeshafungua njia mpya za maji?

JiweLaMsingi

Umefungua, ndiyo. Ndiyo maana idadi na mahali pa matundu hupangwa kwa uangalifu, na katikati ya sehemu ya kuzikia hawachorongi ovyo. Matundu mengi hubaki na vizibo vyake kwa miaka mingi yakipima presha, kwa sababu bila hayo huwezi kujua uchimbaji unavuta maji kutoka wapi.

Muda wake ukifika huzibwa. Njia waliyoifanyia majaribio ni kushusha mirija ya shaba yenye matundumatundu, iliyojazwa bentonaiti iliyoshindiliwa. Udongo unakunywa maji, unavimba, unapenya kwenye vile vitundu na kubana ukuta wa mwamba hadi upitishaji wake uwe mdogo kama wa mwamba wenyewe. Ila hauwekwi kila mahali. Pale tundu linapokata ufa wenye maji yanayotembea, bentonaiti ingesombwa, kwa hiyo kipande hicho hujazwa zege lenye saruji kidogo na mchanga wa kwatsi: hata saruji ikiyeyuka baada ya miaka mingi, mchanga unabaki umesimama na kuushikilia udongo wa juu na wa chini yake. Na ili ujue ni wapi uweke udongo na wapi uweke zege, unarudi kwenye picha za kamera na vipimo vya mtiririko vya tundu lilelile.